Nzi Aliyebeba Jina la Miro

Kuna kazi ambazo ukimtajia mtu aliye pembeni yako kwenye foleni ya mkate, anasogea hatua moja. Nilza Arakaki alilijua hilo kwa miaka thelathini na minane. Akiulizwa anafanya kazi gani, alijibu kwamba yuko chuoni, na mwulizaji aking'ang'ania alisema, "Nachora." Na kweli alichora. Ila alichokuwa akichora ni nzi wanaoishi juu ya popo: wadudu wadogo kama punje ya ufuta, wenye miguu mirefu na kucha za kushikilia manyoya, ambao humnyonya popo damu na hawamwachi mpaka mmoja wao afe. Watu wanaowajua nzi hao kwa majina, dunia nzima, wangeenea kwenye kibanda kimoja cha tambi pale gulioni Campo Grande, Brazili, na viti vingebaki.

Kibanda chenyewe angekitoa mama yake. Babu zake walitoka Okinawa, Japani, wakaja kulima mboga kando ya reli, na mama aliuza tambi za mchuzi gulioni kila Jumamosi. Nilza alipofika miaka ishirini na mitatu alikuwa amechoka kunuka vitunguu, akaomba kazi ya kuosha vyombo vya kioo chuoni. Akaosha miaka miwili. Mzee aliyesimamia makusanyo ya wadudu alimkuta siku moja anachora mguu wa nzi nyuma ya bahasha kuukuu. Kesho yake Nilza alikuta amewekewa kiti mbele ya hadubini, na kazi ya kuosha kapewa mtu mwingine. Shahada hakuwahi kuipata maishani. Wenye shahada ndio waliomjia kuuliza, "Nilza, huyu ni nani?"

Mzee yule alimfundisha sheria za kazi. Ukiona nzi ambaye hajawahi kuandikwa na mtu yeyote, unachagua mmoja, unamchemsha kwenye dawa kali mpaka awe mwangavu, unamlaza kwenye kioo na kumbandika kikaratasi chekundu. Huyo ndiye mbeba jina. Atakayebisha miaka mia ijayo atakuja kumwangalia yeye. Na ikitokea mtu mwingine alishampa nzi huyohuyo jina kabla yako, hata kama ni kwa siku moja, basi jina lake ndilo jina, lako linakufa.

Sheria nyingine haikuandikwa popote, lakini mzee aliirudia kila wiki kama mtu anayedai deni: bila dume, usitoe jina. Sababu ilikuwa ni majike. Jike wa nzi wa popo hatagi mayai kama nzi wa jikoni. Hubeba buu mmoja tu tumboni, humlisha humohumo mpaka anakuwa mkubwa karibu sawa na tumbo lenyewe, ndipo humbandika ukutani mwa pango. Tumbo likijaa, vigamba vyake huachana, vinyweleo hutawanyika, na nzi uliyemjua jana leo unamwona mgeni. Dume habadiliki. Dume hadanganyi, alisema mzee, na Nilza alicheka, maana wakati huo alikuwa bado hajaolewa.

Aliolewa na Valdomiro Benites, ambaye kila mtu alimwita Miro. Miro alikuwa kwenye kikosi cha ofisi ya mifugo kilichozunguka mashambani kukamata popo wanyonya damu, wale wanaowaambukiza ng'ombe kichaa cha mbwa. Mwaka 1971 aliingia chuoni na chupa ya sosi mkononi, ndani mna spiriti na vidudu.

"Dada, hawa wananitembea shingoni kila nikishika popo. Ni nani hawa?"

"Ni nzi wa popo."

"Najua ni wa popo, si nimewatoa kwenye popo? Nauliza wanaitwa nani."

Kwa Nilza, mwanamume aliyeuliza jina la mdudu badala ya kumponda alikuwa ameshamaliza posa. Walioana mwaka uliofuata. Tangu hapo Miro hakurudi safari mikono mitupu. Wale wanyonya damu walikuwa wa ofisi. Popo wengine, wala matunda na wala maua, aliwaachia waruke, lakini kwanza aliwachambua manyoya kwa kibano kwa ajili ya mkewe. Popo mmoja, mfuko mmoja, kichupa kimoja, asichanganye. Wenzake walimcheka kwamba anawatafutia popo chawa. Yeye aliwajibu kwamba wake zao wanataka manukato, mkewe ni wa bei nafuu.

Mama yake Miro, Dona Eulalia, mwanamke wa asili ya Paraguai mwenye sauti ya kuita ng'ombe, hakufurahishwa hata kidogo. "Miro kaoa Mjapani," aliwaambia majirani, "na Mjapani kaolewa na nzi. Mwanangu ni mume wa pili." Watoto hawakupatikana. Nilza alibeba mimba tatu, na hakuna iliyofika mwezi wa tano. Baada ya ile ya tatu Dona Eulalia aliacha utani huo. Hilo lilikuwa jambo jema alilolifanya, na hakulifanya kwa maneno.

Mwaka 1986 Miro alianza kukohoa. Walimtibu kifua kikuu miezi mingi kabla daktari mmoja hajauliza mgonjwa anafanya kazi wapi. Ulikuwa ukungu wa kinyesi cha popo, ule unaoota kwenye vumbi la mapangoni, nao ulikuwa umeshakula mapafu yote mawili. Alikuwa amerudi na kichupa kimoja cha mwisho kutoka pango moja la milima ya Bodoquena: nzi saba wa popo mmoja mdogo mla maua. Kichupa kilikaa kabatini mpaka Mei mwaka uliofuata, siku Nilza alipokifungua ili mikono yake ipate cha kufanya.

Aliangalia wa kwanza. Hakuwa sawa na yeyote aliyemjua. Vigamba vya nyuma ya tumbo vilikuwa vimeachana mno, na vinyweleo kati yake vilikuwa vya kuhesabika. Wa pili hivyohivyo, na wa saba hivyohivyo. Wote majike. Wote matumbo yamejaa. Sheria aliijua kuliko mtu yeyote katika jimbo lile. Lakini kumpata dume kulihitaji safari, na safari ilihitaji ukame, na ukame ulihitaji Agosti. Na Miro, alivyokuwa akipumua, Agosti ilikuwa mbali. Hakuwa na mtoto wa kumpa jina la baba yake. Alikuwa na nzi. Akaandika.

Alimsomea kitandani karatasi zilipopigwa chapa. Alipofika kwenye jina, *valdomiroi*, Miro alifumba macho.

"Rudia."

Akarudia.

"Kumbe naingia kitabuni. Na mguu wa nzi uliouchora unanifuata." Akakohoa, akapumzika, kisha akafungua jicho moja. "Dume yupo?"

Kwenye karatasi palikuwa na mstari unaosema: dume hajulikani. Nilza alikuwa ameuruka. "Yupo," alisema.

"Basi vizuri," alisema Miro.

Alifariki Agosti, siku ya tisa. Jarida lilitoka wiki tatu baada ya mazishi. Nilza hakudondosha chozi kaburini, na watu walisema Wajapani ndivyo walivyo. Hawakujua kwamba alikuwa ameshikilia kitu kimoja moyoni, nacho kilimtosha: kwamba alimwacha mumewe aondoke na furaha.

Dona Eulalia alidai ukurasa ule ukuzwe, akautia fremu na kuutundika sebuleni karibu na sanamu ya Bikira Maria wa Kaakupe. Mgeni hakuketi kabla ya kuonyeshwa. "Watoto wa wenzangu wamepewa barabara zenye majina yao," alisema, "na kona ya barabara hukojolewa na mbwa. Wangu yumo kitabuni, na kitabu kiko mpaka Ulaya." Mwenye duka la nyama aliyethubutu kuuliza kwa nini asipewe angalau kipepeo, alinunuliwa nyama kwa mara ya mwisho siku ile.

Ikapita miaka kumi na tisa. Mwaka 2006 Nilza alikuwa na miaka sitini na mmoja, amebakiza miezi michache astaafu, na kazi yake ya mwisho ilikuwa kuandika orodha ya nzi wote wa popo wa jimbo lile. Wanafunzi walikuwa wamekwenda kwenye pango lilelile la Bodoquena wakarudi na nzi mia mbili na zaidi, madume kwa majike. Na kutoka jumba moja la makumbusho la Ulaya akaazima kioo cha zamani: nzi aliyepewa jina na Mjerumani mmoja mwaka 1907. Kiliwasili ndani ya sanduku lililojazwa pamba.

Aliwapanga majike wa pango lile kwenye mstari. Kushoto waliokuwa na tumbo tupu, kisha wenye buu mchanga, kisha wenye buu wa kati, na kulia kabisa waliokuwa karibu kuzaa. Alipitisha jicho kutoka kushoto kwenda kulia, na vigamba vikawa vinaachana kidogo kidogo, bila mahali pa kukata. Wa kushoto alikuwa nzi wa Mjerumani. Wa kulia alikuwa nzi wa Miro.

Alirudia siku tatu, kwa hadubini mbili tofauti. Alipima madume, wakawa wa aina moja tu. Siku ya nne alimwita Jurandir, msimamizi wa makusanyo, mtu mnene mpole ambaye hakuwahi kuonekana bila kikombe chake cha terere, chai baridi ya majani, na mrija wake.

Jurandir aliangalia muda mrefu. Akajimiminia maji ya barafu, akanywa.

"Nani mwingine ameona?"

"Wewe."

"Mimi sijaona kitu. Macho yangu mabovu, unayajua."

"Jura."

"Nilza, dada yangu, unastaafu Desemba. Funga sanduku, warudishie Wazungu kioo chao. Atakayekuja baada yetu ataona mwenyewe."

"Na akiona atasema Arakaki hakujua kazi."

"Aseme! Wewe utakuwa umelala zako kaburini, utamsikia wapi?"

"Sijali atakachosema. Tatizo ni kwamba mimi najua. Kila mtu akiliandika jina lile, mimi najua kwamba hakuna nzi huyo."

Jurandir alijaza kikombe tena, safari hii akampa yeye. "Kuna Miro," alisema kwa sauti ya chini, "na hana kingine."

Ndivyo ilivyokuwa. Nilza angeweza kunyamaza na hakuna kiumbe angemuuliza. Wiki tano alikwenda kazini, akafungua sanduku, akaangalia mstari wake wa majike, akalifunga. Alikonda. Alijiambia kwamba ni nzi tu. Halafu alijiambia kwamba kama ni nzi tu, kwa nini aseme uongo kwa ajili yake. Alimkasirikia Mjerumani wa watu, aliyekufa zamani, kwa kuwa na macho mazuri. Mwisho alipiga moyo konde. Lakini kabla hajaandika neno lolote, ilibidi mama mkwe asikie kutoka kwake na si kwa mtu mwingine.

Alikwenda Jumapili baada ya misa. Dona Eulalia, miaka themanini na saba, alikuwa jikoni anamenya muhogo, na chipa, vimikate vya jibini, zilikuwa kwenye oveni, zikinukia mpaka barazani.

"Mama, nina jambo."

"Sema basi. Usiniangalie kama daktari."

"Nzi wa Miro si nzi mpya. Ni yuleyule aliyepewa jina na Mjerumani mmoja, mwaka 1907."

Kisu hakikusimama. "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo jina la kwanza ndilo linalobaki. La Miro linafutwa."

"Anayefuta nani?"

"Mimi."

"Na kakutuma nani?"

"Hakuna, mama."

"Hakuna." Ganda la muhogo likaanguka kwenye beseni. "Sasa wewe, mtu wa kuhesabu nywele za nzi, ulikosea wapi?"

"Walikuwa na mimba. Wote saba. Matumbo yalikuwa yamejaa, nikadhani ndivyo walivyoumbwa."

Hapo kisu kilisimama. Bibi kizee alimkodolea macho, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika meza. "Mimba! Mungu wangu! Nimezaa sita mimi. Mwanamke yeyote aliyewahi kufikisha mimba angewatupia jicho moja tu akajua!"

Maneno yale yalimwingia Nilza pale pale palipokuwa na kidonda, na Dona Eulalia aliona yalivyoingia. Hakuwa mtu wa kuomba radhi. Alisukuma kigoda kwa mguu mpaka kikafika karibu na Nilza.

"Kaa."

Nilza akakaa. Alikuwa amekuja na la pili, nalo lilikuwa zito kuliko la kwanza. "Kuna kingine, mama. Mtu hatoi jina bila dume. Miro alijua. Aliniuliza kama dume yupo, nikamwambia yupo. Hakuwepo. Nilimdanganya akiwa anakufa."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Kwamba hakuwepo. Si aliniambia mwenyewe? Ulikuwa umetoka kufuata dawa. Akasema, 'Mama, wale nzi niliwachomoa mimi, kwa mkono wangu huu. Saba, wote matumbo hivi. Dume Nilza kamtoa wapi?'"

"Nikamwambia, mwite umkataze, ataumbuka mtoto wa watu. Akakataa. Akasema, 'Mwache, mama. Anataka kunipa kitu na hana kingine. Nikimkatalia nitamwachia nini mimi?'"

"Mbona hukuniambia? Miaka yote hii?"

"Aliniapisha." Dona Eulalia alichukua muhogo mwingine, akaugeuza mkononi, akaurudisha. "Na mimi nikajua ipo siku utaingia hapo mlangoni na sura hiyo uliyonayo. Nikasema basi, ngoja nijigambe mapema. Nimejigamba miaka kumi na tisa, nimefaidi. Wewe umechelewa."

Alisema hivyo kwa kiburi chake chote. Akainuka, akatoa chipa kwenye oveni, akaweka mbili mbele ya mkwewe. "Kula. Umebaki mifupa."

Nilza alikula, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuliko kusema. Zilikuwa za moto mno, zikamuunguza ulimi, akaendelea kula. Alimwona Miro na jicho lake moja lililofunguka, akimwuliza kuhusu dume huku jibu analo. Alimsikia anasema, basi vizuri. Miaka kumi na tisa alikuwa ameamini kwamba katika chumba kile kulikuwa na mdanganyifu mmoja, na mgonjwa mmoja aliyefurahi. Kumbe mgonjwa alilala pale akivuta pumzi za mwisho mwisho, akimbembeleza yeye. Alitaka sana kumwuliza kama, hata kidogo, alifurahi. Hakukuwa na wa kumwuliza.

Jumatatu asubuhi aliandika. Ilikuwa sentensi moja fupi, kwamba *valdomiroi* Arakaki, 1987, ni nzi yule wa 1907 na jina hilo lisitumike tena. Mwongozo wa kuandika sentensi kama hizo aliujua kwa moyo. Alikuwa ameshawafutia watu wengine majina yao kwa robo saa kila moja. Hii ilimchukua mpaka saa sita mchana. Jurandir alipita mara mbili, mara zote mbili akijifanya anatafuta funguo.

Mara ya tatu alimkuta amelaza kichwa juu ya karatasi, analia kwa sauti kama mtu aliyeletewa habari za msiba leo. Mwaka 1987 alikuwa amemzika mumewe akiwa na hakika kwamba alimpa kitu. Jumatatu ile alimzika bila hakika hiyo. Jurandir alirudi nyuma, akafunga mlango taratibu, akasimama nje ili mtu mwingine asiingie.